Fimbo Mlangoni mwa Maktaba

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Kyela, kwa dereva wa lori la mpunga litokalo Ipinda. Alizima injini, akakaa kwenye kiti chake bila kushuka, kisha akaniita kwa mkono. "Yule mtu wako wa vitabu," akasema, "tumemwacha Ipinda. Wanachimba." Sikuuliza wanachimba nini. Alikuwa amekwenda kwao kusaidia mavuno, homa ikamshika huko. Wasomaji wa safu hii wanaomfahamu marehemu ni wengi kuliko wanavyodhani, maana kila nilipoandika humu kwamba nilisoma jambo mahali fulani, au nilisikia gazeti likisomwa, mahali hapo palikuwa chumba chake na sauti ile ilikuwa yake. Jina lake sitalitaja, kama nisivyotaja la mtu yeyote hapa. Na safari hii kunyamaza huko kuna adabu yake zaidi, kwa kuwa katika habari hii yumo mwanamke ambaye tangu aolewe hajapata kulipitisha kinywani mwake jina la baba mkwe wake.

Maktaba yetu ni chumba kimoja cha matofali, paa la bati, baraza mbele, na nyuma migomba iliyosogea hadi inagusa dirisha. Marehemu ndiye aliyekitunza tangu siku Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja kukifungua. Nisimsifu kupita kiasi, maana angeudhika. Alikuwa mkali. Hakuvumilia mtu alambaye kidole kabla ya kufunua ukurasa, na mimi mwenyewe aliwahi kunitoa nje kwa sababu ya kucheka. Lakini kazi yake aliifanya. Sanduku la vitabu lilikuja na lori kutoka Tukuyu, likakaa likisomwa, kisha likaondoka likaja jingine. Gazeti alilifunga kwenye ubao ili lisitembee na mtu. Miwani ilikuwa moja, ya kuazimana, imefungwa kamba kwenye mguu wa meza, hivyo wazee walisoma wakiwa wameinama kama mbuzi wa kafara, wakigombana nani amemaliza. Na kila Jumamosi baada ya soko kupoa, alikaa barazani akawasomea wasiojua kusoma. Mimi niliyeishia darasa la nne nilikuwa naenda kusikiliza maneno magumu yanavyotamkwa, nisije nikayaandika humu nikachekwa.

Ndugu zangu wa pwani na wa sehemu nyingine za nchi wataniwia radhi nikieleza jambo ambalo kwetu kila mtoto analijua. Hapa kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akimwona mbali njiani, huingia migombani akampa mgongo hadi apite. Hakai naye chini ya paa moja, hamtazami usoni, na uso wake haujui. Mzee naye ana wajibu: akikaribia kona hukohoa, au hugonga fimbo chini, ili mke wa mwanawe asikutwe ghafla. Wako wanaouita mtindo huu ushamba, na wako wanaouita nguzo ya nyumba. Nimewasikiliza wote na kila upande una sababu zake. Heshima si utumwa, walisema wahenga, ingawa nadhani waliosema hivyo hawakuwa wanawake waliosimama migombani wakinyeshewa.

Basi fikiri shida ya maktaba katika nchi kama hiyo. Wasichana walikwishafundishwa kusoma huko misheni, wakaolewa, na hamu ya kusoma haikubaki kwao walikozaliwa. Lakini angeingiaje mwanamke chumbani humo, wakati huenda baba mkwe wake yumo ameinama kwenye miwani? Wengine wangesema wanawake wasije, yakaisha. Marehemu alitafuta ndoo, akaijaza mchanga wa ziwani, akaiweka mlangoni, na akatoa amri: mzee yeyote aingiapo, fimbo yake aisimike pale nje. Mwanamke anaijua fimbo ya baba mkwe wake kama anavyokijua chungu cha jikoni kwake. Akija hutazama ndoo kwanza. Haimo, anaingia. Imo, anarudi zake, au anazungukia sokoni hadi itoke. Mzee mmoja mtani alimsalimu kwa kulalamika, "Mugonile, mtu wa vitabu! Siku hizi fimbo yangu inatazamwa na wanawake wengi kuliko mimi!" Marehemu akamwita baba kwa kikwetu, akamjibu bila kucheka, "Tata, na wewe ingia usome, uache fimbo ifanye kazi yake."

Kati ya waliokuja kwa kutazama ndoo alikuwamo mwanamke mmoja aliyeolewa Ipyana, kwao Ndandalo. Mumewe, mzaliwa wa kwanza wa nyumba ile, alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya shaba kusini, kama walivyokwenda vijana wengi, na kama wengi, kurudi kwake kulikuwa kunasemwa tu. Yeye alikuja kutafuta gazetini habari za huko. Alisoma kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, na hakulamba kidole. Marehemu alimheshimu kwa hilo.

Mwaka huo yakafanyika maonyesho. Marehemu aliyapenda maonyesho kuliko kitu chochote, kwa sababu, alisema, kitabu humngoja mtu ajuaye kusoma, bali maonyesho humpokea kila mwenye macho. Mezani aliweka vyungu vya Wakisi, vilivyoletwa kwa mtumbwi na wafinyanzi wenyewe. Alikuwa ameandika kibao cha kukataza kugusa. Mfinyanzi mmoja aliposomewa alicheka hadi akashika kiuno. "Chungu kisiguswe? Sasa mtajuaje kama kimeiva? Chungu kinagongwa, baba, kinaitika!" Akavigonga vyote kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja, navyo vikaitika, na kibao kikaondolewa. Ukutani zilitundikwa picha kubwa alizopiga Mzungu mmoja aliyepita kwetu wakati wa kupandikiza mpunga, akaziacha kuwa mali ya maktaba. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya mzee amesimama mbele ya migomba yake, mikono wazi mbele. Mzungu alikuwa amemwomba aweke fimbo chini, ili mikono yake ya kazi ionekane.

Mimi nilikuwapo, nimekaa kwenye benchi na gazeti, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Yule mwanamke alikuja, akatazama ndoo, akaikuta tupu. Akaingia. Akazunguka vyungu, akafika mbele ya picha ile, akasimama. Alisimama muda mrefu, hadi yule mfinyanzi akamfuata aone kuna nini. Ndipo akasema kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia tena humo ndani, "Mwenzangu, njoo uone! Huyu si mume wangu? Jamani, machimbo yamemzeesha hivi!"

Mfinyanzi akasogea. "Machimbo gani yenye migomba nyuma?"

"Tazama kipaji cha uso. Tazama masikio. Ni yeye kabisa, ila wamempaka mvi."

"Kama ni mumeo amezeeka hivyo, dada, wewe nawe utakuwa bibi kizee," akasema mfinyanzi, tukacheka sote, na marehemu naye, Mungu amrehemu, hakututoa nje siku hiyo. Mwanamke akanyoosha mkono kuigusa ile picha shavuni. Kisha mkono ukasimama hewani. Nadhani wakati huo ndipo alipoona kwamba mtu anayefanana na mumewe hivyo, mwenye mvi, aliyesimama kwenye migomba ya Ipyana, ni mmoja tu duniani. Hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa nguo yake, akageuka ukutani, akapapasa mlango kwa mkono kama kipofu, akatoka. Vyungu vikabaki vimekaa mezani. Marehemu alikuwa amesimama kando ya meza, miwani na kamba yake mkononi, na uso wake nisingependa kuueleza.

Kijiji hakikosi masikio. Jumamosi iliyofuata wazee walikaa kwenye baraza ya maktaba yenyewe, maana ndipo jambo lilipotendeka. Baba mkwe alikaa mbele nao. Mwanamke alikuwa nyuma ya nyumba, migombani, amewapa mgongo, na mama mkwe wake akitembea huku na huku kupeleka maneno. Wadogo za mumewe walitaka arudishwe kwao Ndandalo hadi kaka yao atakaporudi. Hakuna ambaye hakuelewa. Mke anayerudishwa wakati mume yuko machimboni, si mke tena. Wa kumsubiri hana, na wa kumtetea hana.

Karani wa baraza, kijana msomi na mtu mwema, alimnong'oneza marehemu mbele yangu. "Sema neno moja tu, mzee. Sema ni karatasi. Mtu hawezi kumkosea heshima karatasi. Mama wa watu atakwenda kwake kupika."

Ilikuwa njia rahisi, na mchungaji wa misheni pia alikuwa ameikubali. Lakini mzee mmoja mwenye ulimi, ndugu wa baba mkwe, akamwahi. "Tuambie wewe, mtu wa vitabu. Kila Jumamosi unakaa hapa unatusomea. Ulitusomea daraja lililobomoka ng'ambo likala watu, tukalia. Tulilia karatasi? Ulituambia, 'Kilichomo humu ni kweli, ni kama mtu amesimama mbele yenu anasema.' Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi sema leo. Aliyekuwa ukutani ni mzee wetu, au ni karatasi?"

Nimeandika maneno haya na kuyafuta, kwa kuwa naogopa kumwonea mtu yeyote. Wote waliokuwa pale walikuwa na haki fulani. Wazee walikuwa na haki ya kutaka nyumba zao zisimame. Karani alikuwa na haki ya kumhurumia mwanamke. Na marehemu, kazi yake yote ilisimama juu ya neno lile moja, kwamba kilichomo kwenye karatasi ni kweli. Akiligeuza leo kwa sababu nzuri, kesho litageuzwa kwa sababu mbaya. Asipoligeuza, mwanamke asiye na kosa anafunga mzigo wake.

"Ni yeye," akasema marehemu. "Mzee yumo. Ila niliyemtundika ni mimi, na kama kuna kosa, nishikeni mimi."

Mama mkwe akaanza kulia palepale, maana alimpenda yule binti. Wadogo za mume wakainuka. Ndipo baba mkwe akagonga fimbo yake sakafuni.

"Kaeni," akasema. "Kama nilikuwamo, nataka kujua niliingiaje. Fimbo yangu ilikuwa kwenye ndoo?"

"Haikuwamo, tata," akajibu marehemu.

"Nilikohoa?"

Watu wakatazamana, marehemu akajibu. "Hukukohoa, tata. Picha haikohoi."

"Basi aliyemkuta mwenzake ghafla ni nani? Mke wa mwanangu alitazama ndoo kama alivyofundishwa, ndoo ikamwambia, pita. Mimi ndiye niliyekaa ndani bila kutoa habari. Nilimpa Mzungu uso wangu, nikaweka fimbo chini. Anayerudishwa kwao kwa kosa hili ni mimi, nami kwetu ni hapa hapa." Akainuka, akaenda mlangoni, akaisimika fimbo yake ndani ya mchanga, akarudi akakaa bila kitu mkononi. "Nitakata nyingine ya kutembelea. Hii itakaa pale maadamu mimi nimo humu ndani."

Kutoka migombani sauti ya mwanamke ikasema, mara moja tu, "Ndaga fijo, juba." Asante sana, mama. Alimwambia mama mkwe, kwa kuwa aliyestahili shukrani hiyo hakuweza kuambiwa.

Ikaisha hivyo, na kila mtu aliona imeisha vizuri. Lakini hukumu ile iligeuka na kumbana marehemu mahali ambapo hakuna aliyepatazama. Mwanamke alibaki na nyumba yake, ila maktaba haikuwa yake tena, kwa kuwa fimbo ile sasa ilisimama mlangoni masika na kiangazi. Marehemu aliiteremsha picha, akaifungia kabatini. Mzee akauliza, "Kabati si limo ndani ya nyumba?" Marehemu akataka kuichoma. Mzee akasema, "Usinitie moto ningali hai." Marehemu akampelekea nyumbani Ipyana. Mzee akaikataa mlangoni, kwa sababu jikoni pale ndipo mkamwana apikiapo. Picha ilikuwa imekosa mahali pa kukaa duniani isipokuwa mle ndani. Hata baba mkwe alipofariki na kuzikwa, fimbo haikuondoka. Wa kuirithi ni mwana wa kwanza, na mwana wa kwanza yuko machimboni. Mzee amelala Ipyana chini ya migomba yake, na papo hapo yumo kabatini Kyela, amenyoosha mikono. Tangu hapo sikuona mtu akikaa kwenye benchi lile la upande wa kabati. Hata mimi nilikuwa nikihama.

Ndipo marehemu alipoanza huduma ile ambayo watu walimcheka. Jumamosi, akimaliza kuwasomea wazee barazani, aliingia ndani, akafungua dirisha la nyuma, akasimama kuielekea migomba na kusoma tena, kwa sauti kubwa, hasa habari za kusini. Hakusema anamsomea nani. Angesema, mwanamke asingeweza kuja. Watani walipita wakiuliza, "Leo migomba imeelewa?" Siku moja nilimuuliza kama huwa anamwona. "Sioni mtu," akaniambia. "Majani hutikisika, basi. Huenda ni yeye, huenda ni upepo wa ziwani. Usiku najiuliza: siku ile ningesema ni karatasi, si angekuwa anakaa kwenye benchi lake?" Alilifungua dirisha lile mwaka baada ya mwaka. Mtu mwenye sauti nzuri vile, anasoma, na mbele yake hakuna uso hata mmoja.

Nilikwenda Ipinda kumzika. Wakati watu wanatawanyika, mwanamke mmoja alinijia, akapiga goti kidogo kunisalimu. Nilimtambua taratibu. "Baba," akasema, "kuna jambo limenikaa kooni. Mimi sijakanyaga kwenye ile migomba tangu masika ya mwaka juzi. Mama yangu aliugua, nikaruhusiwa kwenda Ndandalo kumtunza, nami ningali huko. Yule marehemu, alikuwa bado anasoma?"

"Alikuwa anasoma," nikamwambia. "Hata Jumamosi ya mwisho kabla ya kwenda mavunoni."

Akakaa chini pale pale kwenye udongo. Nikamuuliza, na sasa naona sikumuuliza kwa upole wa kutosha, kwa nini hakutuma mtu amwambie asijisumbue. Akaniangalia. "Nimtume nani, aseme nini? Aseme asinisomee, na hakuna aliyewahi kusema kwamba ananisomea?"

Maneno hayo nilirudi nayo Kyela kwenye lori, na yakanikalia usiku kucha. Nilimwona rafiki yangu amesimama dirishani, masika na kiangazi, akiisomea migomba mitupu, na mzee kabatini nyuma yake akimsikiliza peke yake. Nikawaza kwamba labda ndivyo kazi nyingi za nchi hii zilivyo, na safu hii ikiwamo. Jumamosi iliyofuata nikamwomba karani ufunguo. Sikuwa na nia kubwa, nilitaka tu chumba kisikae kimya siku yake. Fimbo ya yule mzee ilikuwapo kwenye ndoo, imeanza kuliwa na mchwa, na wazee walionifuata wakasimika zao kando yake. Nikapita kabatini bila kutazama, nikafungua dirisha, nikalishika gazeti na ubao wake, nikaanza. Nilisoma vibaya. Maneno marefu yaliniangusha, nami nikayarudia kama mtoto wa shule. Hapakuwa na upepo na majani hayakutikisika, nikaona aibu, nikataka kufunga.

Ndipo mtu akakohoa kule migombani. Kikohozi kifupi, kikavu, cha kukusudia, kama wakohoavyo wazee kwenye kona kutoa habari kwamba wapo. Lakini kilikuwa cha mwanamke. Halafu kingine, upande wa kushoto, cha mwanamke mwingine. Halafu cha tatu, mbali zaidi, kuelekea mtoni. Nikaelewa. Mlangoni siku hiyo kulikuwa na fimbo nyingine pia, za wazee waliokuja kungoja miwani, na kila fimbo ina mkamwana wake. Wake za watu walikuwa wamesimama mle, kila mmoja amenipa mgongo, pengine tangu siku za yule wa kwanza, wakimsikiliza mtu ambaye hawakuweza kumwambia wapo. Mimi walinionea huruma kwa kuwa nilikuwa karibu kunyamaza. Yeye hakunyamaza hata siku moja, kwa hiyo hakukoholewa.

Nimejiuliza kama hili ni la kufurahisha au la kuhuzunisha, na sijafika mwisho. Amekwenda bila kujua. Lakini ninaloliona mimi, kwa elimu yangu hii fupi, ni kwamba aliyewekwa kuwahudumia watu hana haki ya kudai kwanza azione nyuso zao. Kwa hiyo namwomba yeyote atakayepewa ufunguo wa chumba kile: fimbo asiiguse, mrithi wake yuko njiani kutoka kusini au hayuko, si kazi yetu kuamua. Ndoo aiongezee mchanga. Na Jumamosi, soko likipoa, alifungue dirisha la nyuma, asimame, apaze sauti, na asingoje kikohozi.